Kuhusu hiyo Finlandia yako

Mwanangu, marahaba. Voisi yako nimeisikiliza jana usiku, huku Kirumba umeme ulikatika nikabaki na simu tu, unauliza Finlandia, ule muziki wa okestra wa Sibelius yule mtunzi wa Finland, uipangeje kwa bendi ya watoto 20 walioshika vyombo mwaka huu huu bila kuiua. Usiipange yote. Chukua ile tenzi ya katikati, kwingine kote achana nako.

Utasema baba muoga. Mimi niliwahi kutokuwa muoga, machi, ule muziki wa gwaride, wa Mwingereza Elgar, Pomp and Circumstance namba 1, nikawapangia watoto karibu kama ilivyo, najiona fundi, siku ya mahafali klarineti zikalia kama kuku anakimbizwa, wazazi wakapiga makofi ya huruma na hayo unayajua yanavyosikika. Kosa langu. Nilikuwa nawavusha ile breki ya klarineti, pale mtoto anatoka kwenye noti ya la, vidole karibu vyote vimeachia halafu ghafla anatakiwa afunge matundu yote kwa mpigo mmoja, mwaka wa kwanza huo ni uonevu.

Sasa angalia. Orijino tenzi iko kwenye ufunguo wa A flati, wewe ipandishe B flati. Hapo tarumbeta na klarineti, maana noti wanayosoma siyo ile inayosikika, wanasoma C, haina shapu wala flati, na melodi yenyewe haifiki oktava, juu kabisa ni la, kwa hiyo klarineti hawaigusi breki kabisa. Alto saksofoni wanasoma G. Tromboni wape besi ila ikwepe C ya chini, iko posisheni ya 6, bomba la kuvuta limesukumwa mbali, na mkono wa mtoto wa miaka 11 haufiki, atakupa kitu kati ya C na D halafu akuangalie kama wewe ndo umekosea.

Shida kubwa siyo noti, ni kuingia. Melodi inaanza biti ya 2, na watoto wataingia ya 1, wataingia tu hata uwafokee vipi. Dawa yake dramu kubwa ipige hiyo ya 1 kila mstari unapoanza, najua Sibelius hakuandika hivyo, ila watoto wanapata pa kuegemea na yule wa dramu naye anapata kazi maana tenzi nzima angekaa anachezea vijiti. Pumzi nazo uwagawie, klarineti na saksofoni wasivute hewa sehemu moja, wakivuta wote wimbo unakatika katikati.

Kabla hawajapiga wasimulie basi. 1899 Finland iko chini ya Urusi, magazeti yanabanwa, Sibelius anaandika muziki huu wa kuwatetea, uhuru wenyewe wakapata 1917. Miaka 2 tu kabla ya muziki huo, 1897, Enoch Sontonga kule Afrika Kusini katunga melodi ambayo sisi tunaimba Mungu Ibariki Afrika. Halafu tenzi hiyo hiyo ya Finlandia, Biafra, ile sehemu iliyojitenga na Nigeria, waliifanya wimbo wao wa taifa, Biafra ile ile Mwalimu aliyoitambua 1968. Hapo hakuna mtoto atakayekuuliza kwa nini tunapiga wimbo wa Wazungu.

Mkifanyia mazoezi nje beba vibanio vya nguo, mimi upepo wa ziwa ulishanibebea karatasi za tarumbeta wa pili zote.

Nirushie mstari wa besi ukimaliza, piga picha tu. Tromboni langu bado lipo chini ya kitanda, nitaujaribu jioni, jirani atanuna lakini kashazoea.