Bango la mia kwa mia haliniambii ni nani waliachwa njiani

Wiki hii mmetuuliza: mzazi anayemtafutia mtoto shule ya msingi atangulize nini, asilimia ya waliofaulu mtihani wa darasa la sita, au imani ambayo watu wa mtaa wanayo kwa shule hiyo? Mimi ni mama, naishi mtaa wa Ndosho hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na niko katika komite ya wazazi kwenye shule ya watoto wangu. Jibu langu ni imani. Lakini kuna imani na imani, na hapo ndipo ninapoomba nafasi ya kueleza.

Nianze na matokeo, maana ndiyo yanayopigiwa kelele. Kila mwaka watoto wa darasa la sita wanafanya ENAFEP, mtihani wa taifa ambao zamani tuliuita TENAFEP. Majibu yakitoka, shule zinatundika bango langoni: mia kwa mia! Mzazi anapita juu ya pikipiki, anasoma, anaamini. Ila ni mia ya nani? Ni ya wale waliofika kwenye mtihani. Bango halisemi walikuwa wangapi siku walipoanza darasa la kwanza.

Jirani yangu mmoja aliitwa shuleni mwisho wa mwaka, kijana wake akiwa darasa la tano. Buletini, ile karatasi ya alama zake, ilionyesha amepita. Wakamwambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba asilimia yake ni ndogo na ingekuwa vizuri atafutiwe shule nyingine itakayomfaa zaidi. Mama akachukua buletini akaondoka, maana ungebishana na nani? Mwaka uliofuata bango likatundikwa tena, mia kwa mia. Kijana alifanyia mtihani kwingine, na kama angeanguka, hesabu ya kuanguka ingeandikwa kwa wale waliompokea. Kwa hiyo shule inayofungulia kila mtoto mlango inaweza kuonekana dhaifu mbele ya ile inayochuja, hata kama walimu wake ndio wanaotoka jasho zaidi.

Tangu mwaka 2019, serikali ilipoanza kutekeleza ile ibara ya 43 ya katiba inayosema elimu ya msingi katika shule za umma ni bure, tofauti hiyo imezidi. Shule za umma, zikiwemo zile zinazosimamiwa na makanisa kwa mapatano yao na serikali ya mwaka 1977, zilijaa. Watoto waliokuwa wanafukuzwa kwa kukosa minervali, yaani ada ya shule, walirudi, na hilo ni jambo jema ambalo sitaki mtu aliseme vibaya mbele yangu. Lakini mwalimu aliyekuwa na benchi la watoto watatu akajikuta na benchi la watano. Wenye fedha wakahamishia watoto wao shule za binafsi. Leo ukiweka asilimia za shule hizo mbili kwenye meza moja, kwa sehemu kubwa unapima mifuko ya wazazi.

Tena ENAFEP inamkuta mtoto ana miaka kumi na moja au kumi na miwili. Ninayempeleka shuleni mimi ana sita. Anasahau sweta darasani, anaogopa kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Nataka kujua nani atamfundisha kusoma mwaka huu, na hilo nalitafuta kwenye madaftari. Ukitaka kuijua shule, mwombe mtoto wa jirani anayesoma pale akuonyeshe daftari lake la hesabu. Niliwahi kufungua moja la darasa la pili, limefunikwa vizuri kwa karatasi ya bluu, jina limeandikwa kwa mkono wa mama yake. Ndani kila ukurasa una "Vu" ya kalamu nyekundu, yaani mwalimu ameona, pamoja na tarehe. Na chini ya kalamu hiyo nyekundu, 23 kujumlisha 9 imetoa 212. Ukurasa unaofuata, 35 kujumlisha 8 imetoa 313. Mtoto hakuwa mjinga, alikuwa anajumlisha sawasawa, ila hakuna aliyemwonyesha kwamba ile moja inapanda kwenye makumi. Kosa lile lile, ukurasa baada ya ukurasa, na "Vu" juu yake. Shule hiyo ina bango.

Sasa imani. Goma si mji ambapo unamwacha mtoto langoni na kumsahau mpaka saa sita. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipomwaga moto, watu walikimbia kila upande na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao. Siku chache baadaye, tarehe 27, ikatoka amri ya kuhama sehemu kubwa ya mji, na barabara ya kwenda mji mdogo wa Sake ikajaa magodoro na watoto. Huko Sake nilipokea simu ya mwalimu wa darasa la pili. Alikuwa na daftari lake la mwito, anapita jina kwa jina: fulani yuko na nani, fulani ameonekana wapi. Naye alikuwa amekimbia na watoto wake mwenyewe. Hakuna aliyemtuma, na hakuna mtihani unaoweka alama kwa kazi ile. Wazazi wa mtaa wetu tangu siku hiyo wanajua shule ipi ina watu wa namna gani, na habari hiyo haiandikwi popote. Unaipata kwa kuuliza kwenye foleni ya maji.

Mwisho wa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, shule zikafungwa kwa muda, na benki nazo zikafunga milango. Mwalimu anayelipwa kupitia benki akawa hana pa kuchukulia mshahara. Hapo niliona imani ikitembea kurudi upande wa pili: mama mmoja kaleta unga, mwingine maharagwe, mwingine sabuni, wakawapelekea walimu nyumbani bila kutangaza. Masomo yalipofunguliwa tena, walimu wetu walikuwa darasani. Najua shule ambako mwalimu aliyekuwa na nafasi nzuri ya kuondoka aliondoka, na sina haki ya kumlaumu. Lakini mtoto aliyebaki bila mwalimu kwa wiki nyingi atafanya mtihani gani? Wanaosema imani na matokeo ni vitu viwili vilivyo mbali, waje waone walimu wanaobaki wanabaki kwa sababu gani.

Niseme pia jambo ambalo wenzangu wengi hawapendi kulisikia. Kuna imani ambayo mimi siikubali hata kidogo. "Ile ni shule yetu." Yetu kwa nini? Kwa sababu mkurugenzi ni wa kabila letu, au kwa sababu ni ya kanisa letu na baba paroko anatujua. Katika mji huu wenye watu wa Masisi, Rutshuru, Walikale, Kivu Kusini na kila upande, imani ya namna hiyo ni hatari, na mara nyingi inafunika uzembe. Mwalimu anachelewa kila siku na hakuna anayesema, kwa kuwa ni mtu wetu. Fedha za komite hazielezwi, kwa kuwa kuuliza ni kukosa adabu. Mimi nikitaka kujua kama shule inastahili kuaminiwa, simwulizi aliyezaliwa kwenye mtaa. Namtafuta mama aliyefika juzi kutoka kijijini, aliyekimbia bila buletini wala cheti cha kuzaliwa, nimuulize walimpokeaje mtoto wake. Akiniambia walimkalisha, wakampima kwa kumsomesha kidogo, wakampa darasa linalomfaa, basi imeniingia. Akiniambia walimzungusha akaleta karatasi hii na ile, sihitaji kuuliza zaidi.

Wala simaanishi kwamba shule yenye watu wema isamehewe kila kitu. Mtoto asiyeweza kusoma sentensi katika darasa la tatu ameibiwa, hata kama mwalimu wake alimpenda. Mimi huwapima wangu mwenyewe jioni: nafungua kitabu chochote cha Kiswahili, nachagua ukurasa asioujua, nasema soma, kisha niambie umesoma nini. Kiswahili kwanza, kwa kuwa ndicho anachokielewa. Hata sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha za taifa nafasi katika kufundisha. Wazazi wengine wanafurahi mtoto wa miaka sita akija na shairi refu la Kifaransa, ukimuuliza maana anatazama chini. Kifaransa nakitaka sana, mtihani wenyewe unakidai, lakini nakitaka kwa mtoto ambaye tayari anajua kwamba maandishi yanasema kitu.

Kwa hiyo matokeo siyatupi, nayaomba kwa namna nyingine. Wifi yangu anahamia mtaa wa Mugunga na mtoto wake anaanza darasa la kwanza Septemba. Nimemwambia aende sasa, kabla ya kulipa chochote. Asimame langoni saa ya kutoka, atazame kama zamu, yule mlinzi wa lango, anawajua watoto wadogo na anajua nani anakuja kumchukua nani, au anafungua tu lango wamwagike barabarani kwenye malori. Kisha aombe kuonana na mkurugenzi, amuulize: waliofanya ENAFEP mwaka huu, walipoanza darasa la kwanza walikuwa wangapi, na waliobaki njiani wako wapi?

Alikwenda shule mbili. Kwenye ya kwanza walimwonyesha bango. Kwenye ya pili mkurugenzi, mama wa makamo, alinyamaza kidogo, akainuka akatoa rejista za zamani kabatini, wakazipitia wote wawili: huyu alihamia Bukavu na wazazi wake, huyu alirudia darasa la nne na sasa yuko la tano, hawa ndugu wawili walirudi kijijini, huyu hatujui na tumemuulizia. Asilimia ya shule hiyo mwaka huu si ya kutundika. Wifi ameandikisha mtoto pale.