Nishukuru kwa lipi mwaka huu?

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Ilula, Iringa, nasali Lutheri. Mwezi wa tatu mume wangu aliamka analalamika kichwa, kufika saa saba mchana akawa hawezi kusema. Siku ya nne tukamzika. Nilijikaza. Nikachukua mkopo wa shilingi 600,000 nikalima nyanya nusu eka kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, maana ndiyo kazi tuliyoifanya pamoja miaka yote. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya, akaingia. Nilipiga dawa mpaka hela ikaisha, nikaambulia matenga tisa, na bei yenyewe ilikuwa chini. Ili kurejesha ule mkopo nikachukua mwingine wa kausha damu, ile ya riba kubwa. Sasa wanakuja mlangoni kila jioni, watoto wakiwaona wanakimbilia chumbani. Mkubwa anaingia kidato cha kwanza Januari na sijanunua hata soksi.

Mwezi huu kanisani tumetangaziwa ibada ya shukrani ya kufunga mwaka. Kila familia imepewa bahasha, na kwenye jumuiya tumepanga kila nyumba isimame itoe ushuhuda. Dada mmoja ameniambia nyanya ziliharibika kwa sababu sikutoa fungu la kumi tangu msiba, na kwamba Biblia inasema "shukuruni kwa kila jambo", hivyo nisiposhukuru nafunga baraka za mwakani. Mama, nishukuru kwa lipi? Kwa kifo cha mume wangu? Nimefikiria nikope 50,000 niweke kwenye bahasha, yaishe. Lakini nikipiga magoti maneno hayatoki. Je, nimepoteza imani?

Mjane, Ilula

JIBU

Marahaba mwanangu, kamwene. Pole sana. Barua yako nimekaa nayo siku mbili, na hapo pa watoto kukimbilia chumbani nimepasoma mara nyingi.

Nianze na bahasha, kwa kuwa siku yake imekaribia. Usikope. Hata elfu tano usikope. Mungu unayetaka kumpelekea hiyo hela alisema mwenyewe katika Zaburi ya 50: "Kama ningekuwa na njaa singekuambia, maana ulimwengu ni wangu na vyote viujazavyo." Na katika sheria ya Musa mwanamke aliyejifungua alipaswa kuleta mwana-kondoo, lakini asiye na uwezo aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Sasa fungua Luka 2:24 uone Mariamu alileta nini alipompeleka mtoto Yesu hekaluni. Ndege wawili. Mama wa Bwana wetu alisimama mbele ya kuhani na sadaka ya maskini, na hakuna aliyemwambia akakope kondoo. Bahasha yako ikirudi haina kitu, irudi haina kitu. Au andika kwenye kikaratasi lile unalomlilia Mungu, ulitie humo, ulipeleke.

Kuhusu fungu la kumi na nyanya, naomba unisikilize kama mama yako. Kantangaze ni mtoto wa nondo mdogo ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini. Kwetu Tanzania tumemfahamu tangu takriban mwaka 2014, na amemaliza mashamba ya waliotoa zaka na ya wasiotoa. Watu walipomletea Yesu maswali ya namna hiyo, aliwauliza wao kuhusu wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu: mwadhani walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, sivyo. Huyo dada simhukumu. Mara nyingi mtu akiona msiba wa mwenzake anatafuta kosa haraka, ili ajihakikishie kwamba kwake hautafika. Lakini alichokuambia si kweli, usikibebe.

Sasa hilo neno "shukuruni kwa kila jambo". Ni 1 Wathesalonike 5:18, na limewaumiza wengi kwa sababu ya hicho kineno chetu "kwa". Kwa Kiswahili "kwa" hubeba mizigo mingi. Ukisema "namshukuru kwa zawadi", maana yake ni kwa ajili ya zawadi. Lakini Kigiriki alichoandika Paulo kinasema "katika kila jambo". Ukiwa ndani ya jambo, katikati yake, usikate mazungumzo na Mungu. Najua wapo watakaokufungulia Waefeso 5:20, na hapo Paulo ameandika kwa upana zaidi. Hata hivyo Paulo huyo huyo anakiita kifo adui, adui wa mwisho, katika 1 Wakorintho 15:26. Siwezi kuamini kwamba Mungu anataka umshukuru kwa ajili ya adui yake mwenyewe.

Nenda Yohana 11 usome taratibu. Yesu yuko njiani kwenda kwenye kaburi la Lazaro. Mstari wa 35: "Yesu akalia machozi." Mistari sita mbele, amefika kaburini, anainua macho na kusema, "Baba, nakushukuru." Machozi yalitangulia, na hakuyaficha kwanza ili apate kushukuru. Tena hakumshukuru Baba kwa kuwa Lazaro amekufa. Alishukuru kwa kuwa Baba amemsikia.

Mwanangu, nikueleze ya kwangu, maana haya sikuyapata kwenye vitabu tu.

Mwaka 2003 nilikuwa muuguzi kwenye zahanati ya kijiji, wilaya hii hii ya Kilolo. Mwezi wa tano binti yangu wa kwanza alirudi kutoka Dar es Salaam na begi moja na mtoto mgongoni. Nilipomsaidia kushusha begi nikagusa mkono wake, na mimi muuguzi sikuhitaji kipimo. Alifariki Septemba, ana miaka 26. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Mwaka uliofuata, 2004, serikali ikaanza kutoa zile dawa za kupunguza makali ya UKIMWI bure. Baadaye mimi mwenyewe nilikuwa nawapa wagonjwa dawa hizo, na kwa muda mrefu kila kopo nililofungua lilinichoma. Wengine walikuwa wa rika lake. Walinenepa, wakarudi shambani, wakaolewa. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa kuchelewa kwa dawa zile. Nikifika kwake nitamwuliza.

Basi mkesha wa tarehe 31 Desemba mwaka ule wa msiba, 2003, nilikwenda kanisani kwa sababu nilikuwa mzee wa kanisa na nisingeweza kukosa. Watu wakaanza kusimama na bahasha. Baba mmoja akashuhudia kwamba mwanawe alikuwa mahututi na Mungu akamwinua, vigelegele vikapigwa. Nilijua ni kweli, kijana yule nilimtibu mimi. Lakini nilihisi kama nimepigwa kofi mbele za watu. Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za nje, manyunyu yananinyeshea, nikamwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Akatoka bibi mmoja wa Umoja wa Wanawake, akakaa pembeni yangu. Hakuomba wala hakunipa mstari. Alinifunika nusu ya kitenge chake, tukakaa. Baada ya muda akauliza, "Mjukuu amekula leo?"

"Amekula."

"Kala nini?"

"Ugali na maziwa."

"Nani kampa?"

Nikamtaja mke wa fundi seremala. Akauliza, na jana? Nikamtaja mwingine. Na Jumatatu? Nikaanza kuhesabu nyumba, na kadiri nilivyohesabu ndivyo nilivyogundua kwamba tangu tumzike binti yangu sikuwahi kumpikia yule mtoto chakula cha mchana hata siku moja ya kazi. Miezi mitatu na zaidi. Wanawake wa kijiji walikuwa wamegawana siku, hawakuniambia, na mimi nilikuwa nimeshika kwamba namlea peke yangu na Mungu amegeuza uso. Nilipofika nyumba ya Ijumaa sauti ikakatika. Yule bibi hakusema "basi shukuru". Alisema, "Haya, inuka, baridi hii itakuua."

Sikusimama kushuhudia usiku ule. Ila Jumapili ya pili ya Januari nilipika. Ugali, mboga ya maboga, na jogoo mmoja niliyekuwa naye. Nikawaita wanawake wote wa zile nyumba na watoto wao. Jogoo mmoja kwa watu zaidi ya ishirini, unajua mwenyewe, kila mtu alipata mchuzi. Nilijaribu kusali kabla ya chakula nikashindwa, mjukuu wangu akasema "asante Yesu kwa ugali", tukaitika amina.

Miaka baadaye, katika kusoma, nikakuta Walawi 7:15. Inahusu sadaka ya shukrani. Nyama yake sharti iliwe siku iyo hiyo ya kutolewa, asisaze chochote mpaka asubuhi. Nikasimama hapo. Mtu na watoto wake wanawezaje kumaliza kondoo mzima kwa siku moja? Hawawezi. Lazima waite watu. Mungu aliipanga shukrani kwa namna ambayo mtu hawezi kuifanya peke yake, wala kuificha kabatini. Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba shukrani ni hisia ndani ya moyo, na kwa kuwa ndani mwangu haikuwepo, nikadhani sina imani. Kumbe ilikuwa sufuriani, kwenye nyumba za wenzangu, imepikwa muda mrefu, nami nimeila bila kujua.

Kwa hiyo sikuulizi una la kushukuru. Nakuuliza alivyoniuliza yule bibi. Siku za matanga, nani alileta kuni? Nani alikaa na watoto ulipokuwa hospitali? Ulipochuma yale matenga tisa, ulichuma na nani, na ulimlipa? Andika majina kwenye daftari la mtoto, karatasi moja tu. Usijilazimishe kujisikia chochote. Ukipata jina moja, lipeleke kwa Mungu hilo moja: "Huyu alikuja." Yaliyobaki mlilie. Yote mawili anayapokea kutoka kinywa kimoja.

Na umeuliza kama umepoteza imani. Soma Zaburi ya 88. Haina mstari hata mmoja wa shukrani, na neno la mwisho kabisa ni "gizani". Wanaopanga zamu za kusoma kanisani mara nyingi huiruka, na nadhani tunakosea. Lakini tazama inavyoanza: "Ee BWANA, Mungu wa wokovu wangu, mchana na usiku nimelia mbele zako." Mtu huyu ana giza tupu, ila analipeleka kwa mwenyewe. Wewe umepiga magoti na maneno hayakutoka. Ulipiga magoti mbele ya nani, mwanangu? Mtu aliyepoteza imani hahangaiki hivi, wala haandiki barua kuuliza.

Siku ya ibada, mwambie kiongozi wa jumuiya mapema kwamba nyumba yako haitatoa ushuhuda. Akikubana, simama useme, "Mwaka huu nimemzika mume wangu. Bado niko hapa. Mniombee." Kisha kaa. Huo ni ushuhuda kamili.

Sasa ya kausha damu, kwa kifupi, maana kumtumaini Mungu hakukuzuii kudai haki yako. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni. Waambie wakupe mkataba wa maandishi wenye riba na kiasi kilichobaki. Upeleke kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, na usiende peke yako, nenda na mzee wa kanisa au kaka wa marehemu. Waliokukopesha kwanza, kama bado wanakudai, uwaombe wakupangie upya marejesho, usikope tena kwingine kuziba pengo. Kama uko kwenye kikundi cha wanawake, ulizeni mikopo ya halmashauri, ile inayotengwa kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, haina riba. Na shamba lile usirudishie nyanya msimu huu. Fukia au choma mabaki yote, panda mahindi, umwone ofisa ugani, maana kantangaze hujificha kwenye udongo akisubiri nyanya nyingine.

Soksi na sare za mtoto, liseme hilo jumuiyani kwa mdomo wako kabla ya Krismasi. Najua linauma. Mimi nilinyamaza, na wale wanawake wakalazimika kubahatisha siku za kumlisha mjukuu wangu.

Halafu Januari, watoto wakishaanza shule, pika. Chochote kilichopo, hata mnafu na ugali. Waite wale wa kwenye daftari. Mkubwa wako ndiye aombee chakula, na kama mume wako alikuwa na wimbo alioupenda, uimbeni, hata mkiishia ubeti wa kwanza. Kisha niandikie uniambie walikuja wangapi.