Tazama molekuli kabla ya kutoa pesa

Nilitaka kujitengenezea kimiminika cha ioni cha bei nafuu, yaani chumvi iliyo kimiminika bila joto kali, iliyojaa ioni, chembe zenye chaji. Nikaanza na kloridi ya kolini, chumvi wanayolishwa kuku, na ya kwanza ilikuwa karibu nusu magunzi ya mahindi. Sitanii. Niliinunua kwa muuza viungio vya chakula cha kuku, Eneo la Viwanda hapa Nairobi, nikaichanganya na yurea ya mbolea, nikapasha moto nikingoja kimiminika cheupe kama maji. Nikapata uji wa kahawia. Kugeuza gunia nikasoma: 60%. Kumbe hiyo nyingine ni magunzi yaliyosagwa ya kubebea kolini, na kuku hawalalamiki.

Kwa hiyo soma lebo. Ukipata iliyo kavu na safi, pima gramu 140 kwa gramu 120 za yurea, yaani molekuli moja kwa mbili, upashe hadi nyuzi 80 hivi. Usizidishe sana, yurea itaanza kutoa amonia na jirani wote watajua. Kolini peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 302, yurea 133. Zikikutana kwa kipimo hicho, 12 tu! Yurea huikamata kloridi kwa vifungo vya haidrojeni, basi ioni zinashindwa kujipanga kuwa fuwele.

Wenye kuchambua watasema mchanganyiko huo ni binamu tu wa vimiminika vya ioni, kwa kuwa yurea si ioni. Sawa. Ukitaka mwenyewe hasa, wa bei nafuu, chagua anayezaliwa kwa hatua moja: trietilamini na asidi salfuriki. Protoni moja inahama kutoka kwa asidi kwenda kwa amini, kazi imekwisha, hakuna chumvi ya ziada ya kuosha. Jamii ya imidazoli, vimiminika vingine vya ioni, yenye PF6 (ioni ya fosforasi na florini) hupitia hatua kadhaa, na kila hatua unailipia. Isitoshe, ikikutana na maji na joto hutoa haidrojeni floridi, inayokula hata kioo.

Ila hapa usijaribu jikoni. Trietilamini inanuka samaki aliyeoza na inashika moto upesi. Asidi itiwe polepole, chombo kikiwa kwenye barafu, ndani ya kabati la kufyonza mvuke.

Na maji usiyafukuze yote, kosa nililolirudia miezi mizima. Watafiti wa Imperial College London wanaotenganisha lignini, gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti, na mbao kwa kimiminika hicho huacha maji kama 20%. Kikikauka kabisa kinakuwa kizito, pampu inateseka.

Gunia langu lilimalizwa na kuku wa jirani.