Ushauri kwa anayekwenda kuanza kazi kwenye meli ndogo za Labrador

Kama umesaini mkataba wa meli ndogo ya msafara itakayopita Newfoundland na Labrador, jimbo la mashariki mwa Kanada, weka kando kwanza hadithi za jamaa waliofanya kazi kwenye meli kubwa za Karibi. Kule abiria ni maelfu, kila bandari inajulikana mwaka mzima kabla, na mtu anaweza kumaliza mkataba bila kugusa kamba. Huku abiria ni mia moja, wakizidi sana mia mbili, mabaharia tunahesabika, na ratiba waliyouziwa abiria ni pendekezo tu. Mwenye uamuzi ni bahari. Mimi nilianzia chumba cha chakula kabla ya kuhamia sitahani, na nimeona vijana wachapakazi hasa wakishindwa kuelewana na wenzao kwa jambo moja: mpango ukibadilika, wananuna.

Na utabadilika. Mkondo wa Labrador unateremsha maji ya baridi kutoka kaskazini, unakutana na maji ya moto ya Gulf Stream kusini mwa Newfoundland, na hapo ndipo unapozaliwa ukungu ambao hujapata kuuona popote Pwani yetu. Unasimama tezi, nyuma ya meli, huioni omo, mbele yake. Ongeza barafu inayoshuka kutoka Greenland, upepo unaogeuka ndani ya saa moja, na mawimbi marefu yanayoingia ufukweni hata siku ambayo juu kumetulia. Ndiyo maana kiongozi wa msafara hulala akiwa na mpango wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kwako wewe mhudumu maana yake ni kwamba kifungua kinywa cha saa moja kinaweza kuwa saa kumi na moja na nusu, chakula cha mchana cha moto kikageuka mikate ya kufungwa kwenye karatasi, na kabini zote zikatakiwa kusafishwa ndani ya saa moja na nusu ambayo watu wako nje.

Kila jioni kiongozi huwaeleza abiria mambo ya kesho ukumbini. Hakuna atakayekuita. Nenda, simama nyuma karibu na mlango na sinia lako, usikilize. Ukisikia "tukishindwa kushuka hapa tutajaribu ghuba ya pili", unajua chupa za chai zijazwe usiku huohuo. Mkuu wa chumba cha chakula haombi miujiza, anaomba asikukute unashangaa.

Jambo dogo linaloumbua wageni wengi ni saa. Newfoundland ina nusu saa yake: wakati wa kiangazi iko nyuma ya Nairobi na Dar kwa saa tano na nusu. Ukivuka kwenda sehemu kubwa ya Labrador zinakuwa sita. Simu yako ikinasa mnara wa nchi kavu itajibadilisha yenyewe, na wewe utafika zamu ukiwa umechelewa nusu saa, unaapa kwamba umewahi. Inayofuatwa ni saa ya meli, ile inayotangazwa na kubandikwa ubaoni. Nunua saa ya mkononi ya bei rahisi, uiweke kwa saa ya meli, na ratiba ikisema 0530 isome hivyohivyo, usianze kuigeuza kichwani iwe ya Kiswahili ukiwa na usingizi.

Karatasi sitazieleza sana, maana chuo kitakueleza, Bandari Maritime Academy ya Mombasa au DMI, chuo cha mabaharia cha Dar. Mafunzo ya msingi ya usalama ya STCW, mkataba wa kimataifa wa viwango vya mafunzo ya mabaharia, yanahuishwa kila baada ya miaka 5. Cheti cha daktari hakizidi miaka 2. Viza ya Marekani haikuingizi Kanada, kwa hiyo ulizia mapema nani anashughulikia ile ya Kanada. Na wakala akikudai ada ya kukutafutia kazi, kimbia. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006 unakataza baharia kulipishwa ada hiyo. Pasipoti yako, cheti chako cha daktari na kitabu chako cha baharia ndivyo unavyoweza kutakiwa kugharamia. Vijana wameuza ng'ombe na viwanja kwa ajili ya barua za kazi ambazo hazina meli.

Sasa kichefuchefu. Kuzaliwa Lamu au Pemba hakukukingi. Wimbi la huku ni refu, linainua meli polepole na kuiachia, na tumbo lililozoea majahazi halilijui. Kunywa dawa kabla meli haijatoka St. John's, mji mkuu wa jimbo, usingoje uanze kutapika. Kula kikavu kidogo kidogo, tangawizi inasaidia, ukipata nafasi toka nje ukatazame upeo wa bahari. Mwambie msimamizi wako. Anajua, naye yalimkuta.

Meli ikiyumba, chumba cha chakula kina fani yake. Vitambaa vya meza tunavilowesha maji kidogo, ndipo sahani hazitelezi. Kati ya sahani na sahani kwenye kabati unatia kitambaa chenye unyevu. Kikombe unajaza nusu. Sinia unalibeba chini, usawa wa tumbo, magoti yamelegea, na mkono mmoja daima uko huru kushika nguzo. Watakwambia mkono mmoja wa kazi, mmoja wa meli, na hawatanii. Milango ndiyo inayokata vidole: shika kitasa, usiweke mkono kwenye fremu, na ukimwona abiria ameweka, mwambie hapohapo hata kama unamkatiza maneno. Wengi wao ni watu wazima, wastaafu, wamesoma sana, wanapenda kuuliza. Wape heshima yao lakini usiwaonee haya kwenye usalama.

Kazi ninayoipenda, na ambayo wengi huichukulia poa, ni ya maboti ya mpira, yale ya Zodiac. Abiria kama kumi, dereva nyuma, na mmoja wetu kwenye jukwaa la kushukia ubavuni mwa meli. Tazama jinsi linavyokwenda. Boti linapanda na kushuka, pengine mita nzima. Abiria anakuja amebeba kamera, fimbo, na kofia anayoishika isipeperuke. Kwanza mikono iwe mitupu: kamera inaingia begini, fimbo anakupa wewe. Kisha unamshika kibaharia, yaani kiganja chako kinakamata mkono wake juu ya kifundo, na chake kinakamata wako vilevile. Mikono ikiwa imelowa, kiganja kwa kiganja kinachopoka, lakini kwa mshiko huu mmoja akiteleza mwingine bado ameshika. Unangoja. Boti likifika juu kabisa ya wimbi unasema "sasa", naye anakanyaga. Likiwa linashuka, hata akiwa na haraka kiasi gani, unamzuia. Usimvute, mpe mkono aegemee. Kuna wazee wa miaka themanini wanaoona aibu kushikwa. Hao usibishane nao, mwambie tu kwamba hata nahodha hushuka hivihivi, na ni kweli.

Ufukweni hakuna kusimama mpaka dereva aruhusu. Wanasogea wamekaa, mmoja mmoja, hadi omoni, wanageuza miguu nje na kushuka. Kila anayetoka melini amegeuza namba yake ubaoni, na akirudi anairudisha. Ubao ukionyesha namba moja bado iko nje, meli haiondoki, na utatumwa kugonga milango ya kabini. Mara nyingi mwenye namba yuko bafuni anaoga.

Maji yenyewe, hata Julai, yanaweza kuwa nyuzi chache tu juu ya sifuri. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba ameifundisha dunia hesabu rahisi ya mtu aliyeanguka kwenye maji ya namna hiyo: dakika 1, dakika 10, saa 1. Dakika ya kwanza ni ya kutuliza pumzi, maana mwili unashtuka na unaweza kuvuta maji mapafuni. Dakika kumi ndizo ambazo mikono bado inatii. Baada ya hapo una kama saa moja kabla baridi ya mwili haijakupotezea fahamu, ikiwa jaketi linakushikilia juu. Sisi tuliojifunza kuogelea ferini na kwenye magati tuna kiburi cha maji. Kiburi hicho hakina kazi huku. Funga mikanda yote ya jaketi, pamoja na ule wa kupita mapajani kama upo, hata kama unakwenda hatua mbili.

Nguo kwa ufupi: sufu au sintetiki ndani, kisha kitu kizito, kisha cha kuzuia upepo na maji. Fulana ya pamba ikilowa jasho inakugandisha. Soksi nyingi, glavu jozi mbili.

Milima ya barafu utaipiga picha kama wote, hakuna ubaya. Ila fahamu kwamba karibu sehemu tisa kati ya kumi ziko chini ya maji, na ikiyeyuka bila kulingana inapinduka ghafla na kuinua wimbi. Maboti yanakaa mbali nayo angalau urefu wake wote, au mara mbili ya kimo chake, kutegemea ipi ni kubwa. Abiria watabembeleza msogee karibu. Dereva mzuri anatabasamu na kubaki palepale. Kinachomnyima nahodha usingizi, hata hivyo, ni vipande vidogo, vile vinavyotokeza chini ya mita moja juu ya maji, vyenye rangi ya chupa, ambavyo rada haivioni vizuri bahari ikichafuka. Ukipewa zamu ya kuangaza macho mbele usiku, angalia maji, usiangalie simu: mwanga wake unakuua macho kwa dakika nyingi.

Giza likiingia utaagizwa kufunga mapazia yote. Kazi hii inawakera wahudumu wapya kwa sababu abiria huyafungua tena. Sababu yake ni ndege wadogo weusi, wakubwa kidogo kuliko shomoro, wanaoitwa Leach's storm petrel. Kisiwa cha Baccalieu, kaskazini ya St. John's, ndicho chenye koloni lao kubwa kuliko yote duniani. Wanaruka usiku, na usiku wa ukungu taa za meli zinawavuta, wanajigonga na kuanguka sitahani, na hapo hawawezi kuruka upya kirahisi. Asubuhi unakuta mmoja amejikunyata chini ya bomba. Unamwokota kwa mikono miwili au kitambaa, unamtia kwenye boksi la karatasi lenye matundu, boksi linakaa mahali penye giza na utulivu, na usiku unamwachilia upande usio na taa. Wana harufu ya mafuta isiyotoka kwenye glavu. Ukimweleza abiria mambo haya mwenyewe, kwa upole, pazia atalifunga kila siku na atawahimiza na majirani zake.

Kaskazini zaidi, kwenye Milima ya Torngat, wanashuka kwanza walinzi wa dubu, Wainuit, wenyeji wa asili wa kule, wenye bunduki na wanaoisoma ile ardhi. Wakisema leo hapana, ni hapana. Umeruhusiwa kushuka? Kaa ndani ya kundi, usijitenge hata kwenda haja. Siku ya hapana abiria watavunjika moyo na wewe ndiye utakayewapokea mlangoni na supu ya moto, kwa hiyo supu iwe tayari.

Hebron, kijiji cha zamani cha Wainuit kwenye pwani ya Labrador, iendee kwa adabu ya msibani. Jengo refu la wamisionari Wamoravia bado limesimama, makaburi yapo, na nyumba nyingi zimebaki misingi. Mwaka 1959 familia za Wainuit zilizoishi pale zilihamishwa bila ridhaa yao, na tangazo lilisomwa kanisani, mahali ambapo hawakuzoea kumjibu mtu. Serikali ya jimbo iliomba radhi mwaka 2005. Baadhi ya waongozaji utakaokutana nao ni watoto au wajukuu wa waliohamishwa. Usiokote kitu, hata jiwe wala msumari. Kupiga picha mtu, omba kwanza. Na viatu visuguliwe kabla na baada ya kushuka, mbegu za mahali pengine zisiingie kule.

Melini wengi wa wenzako watakuwa Wafilipino. Wanaijua kazi hii kuliko sisi, na ukila nao wali mesini, chumba cha kulia cha mabaharia, bila kujitenga watakufundisha vitu ambavyo hakuna chuo kinavyo. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji kila saa inayoruhusu: dawa ya kupaka pekee haiviwezi vizuri virusi vya kuharisha vya noro, na kwenye meli ndogo mgonjwa mmoja anafunga jiko zima. Honi fupi saba na ndefu moja ni ishara ya dharura: acha kila kitu, nenda kwenye kituo chako cha kukusanyikia.

Kupumzika ni haki yako: saa 10 kati ya kila 24, saa 77 ndani ya siku 7. Karatasi ya saa hizo utaisaini kila mwezi. Isome kabla ya kusaini, na kama kuna usiku ulioamshwa haukuandikwa, mwonyeshe ofisa kwa sauti ya kawaida na nakala yako mwenyewe ya tarehe. Kwa hiyo uwe na kidaftari chako.

Hati ya utumishi baharini na muhuri kwenye kitabu chako cha baharia viombe wiki moja kabla ya kushuka. Siku yenyewe ya kushuka abiria wapya wanaingia, mafuta yanapakiwa, mizigo imejaa koridoni, na ofisa unayemhitaji hapatikani. Hakikisha jina la meli, cheo chako na tarehe zote mbili zimeandikwa sawasawa, kwa sababu kusahihisha ukiwa tayari Mombasa au Tanga kunaweza kuchukua miezi.