Bafa ina data, draiva imelala: ishara imepotelea wapi?

SWALI: Tuna keneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux tuliyoirekebisha wenyewe, inaendeshwa kama mashine pepe juu ya Hyper-V, programu ya Microsoft ya kuendesha mashine pepe. Mtandao huenda vizuri kwa saa kadhaa, halafu upande wa kupokea unaganda hadi tupakie upya draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya mtandao. Msimbo wetu husoma bafa ya mviringo (eneo la kumbukumbu ambamo Hyper-V huweka data inayoingia) hadi iishe, huweka interrupt_mask = 0 ili kuruhusu tena ishara za kuamshwa, huangalia mara ya mwisho kama kuna kilichoingia, kisha hurudi. Cha ajabu, nikiongeza printk (agizo la keneli la kuandika ujumbe kwenye logi) hapo katikati, tatizo linatoweka!

JIBU: Hiyo printk ndiyo imefichua kosa lako. Lakini kwanza hakikisha. Ikiganda tena, usipakie draiva upya. Ingia /sys/bus/vmbus/devices, fungua saraka ya chaneli husika (njia ya mawasiliano kati ya draiva na Hyper-V), usome faili tatu: read_avail (data inayosubiri kusomwa), in_mask (ndiyo interrupt_mask ya upande wa kupokea) na interrupts (idadi ya ishara zilizofika). Ukikuta read_avail si sifuri, in_mask ni 0, na interrupts haisogei, basi data ipo, mlango uko wazi, ila hakuna aliyebisha hodi.

Mwenyeji, yaani Hyper-V, hubisha mara moja tu: bafa inapotoka tupu kuwa na kitu. Ikikupita hodi hiyo, bafa haitakuwa tupu tena, kwa hiyo hatabisha tena. Ndiyo maana mtandao hauzoroti kidogo kidogo, unakufa papo hapo.

Sasa inapotea vipi? Chukua mlinzi wa geti, ndiye draiva, aliyetundika kibao "msigonge, niko macho", ndicho interrupt_mask isiyo 0. Kabla ya kulala anapaswa kukitoa, ndipo achungulie nje mara ya mwisho. Wewe umemtuma kijana akakitoe, ukachungulia kabla hajafika. Mgeni akafika katikati, akaona kibao, hakugonga. Kijana huyo ni foleni ya uandishi ndani ya prosesa: 0 uliyoandika inasubiri humo huku usomaji unaofuata umeshatangulia. Watu wengi hudhani x86, yaani prosesa za aina ya Intel na AMD, haipangui mfuatano wa kusoma na kuandika. Hili moja, kuandika kisha kusoma anwani nyingine, inalipangua. Nayo printk ina kufuli ndani yake, na kwenye x86 maagizo ya kufuli ni kizuizi kamili cha kumbukumbu: uandishi wa kabla yake lazima ukamilike kabla ya usomaji wa baada yake. Ilikutibu bila kukusudia.

Dawa ni mstari mmoja, virt_mb(), ambao ni kizuizi hicho hicho:

interrupt_mask = 0;
virt_mb();
/* ndipo uangalie bafa */

Usijaribu neno volatile la lugha ya C, linamfunga kompaila (programu inayotafsiri msimbo) tu, si prosesa. Wala usitumie smp_mb(): keneli ikijengwa bila SMP (uwezo wa kutumia prosesa nyingi), hiyo nayo hubaki kizuizi cha kompaila peke yake, ilhali mwenyeji yuko kwenye prosesa nyingine kabisa. Familia ya virt_ iliingia Linux 4.5, mwaka 2016, kwa sababu hiyo hiyo. Ikiwa keneli yenu ni ya zamani zaidi, tumia mb() kavu.

Ukimaliza, kagua na upande wa kutuma. Huko unasogeza write_index (mahali ulipofika kuandika), unaweka virt_mb(), ndipo unasoma interrupt_mask ya mwenyeji, na read_index (mahali alipofika kusoma) baada yake. Ukikosea hapo, atakayelala ni yeye.

Kulijaribu, msongamano mkubwa hautakusaidia, maana bafa haiishi na draiva haifiki kwenye mstari wenye kosa. Tuma pakiti moja moja, zikipishana kwa muda mfupi usiolingana, uiache usiku kucha.