Upepo Ndio Unaochagua Mahali pa Kutazamia Ndege

SWALI: Ndugu Mhariri, Jumapili iliyopita niliwapakia wanangu wawili garini, tukaenda mwendo wa taratibu kutazama ndege kiwanjani. Tuliegesha nje ya ua, karibu na mwisho wa njia ya kurukia, mahali palepale ambapo mwezi uliotangulia ndege zilitupita juu ya vichwa mpaka mdogo akaziba masikio. Safari hii zote zilitua zikitokea upande wa mbali, na tulichoambulia kwa saa mbili ni kuona zilizoruka zikitupita zikiwa tayari juu sana. Je, ratiba ilibadilishwa? Nitajuaje mapema, nisichome mafuta bure?
– Baba wa Watoto Wawili

JIBU: Ratiba haihusiki, kilichobadilika ni upepo. Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo, kwa kuwa hewa inayoijia kwa mbele huongeza nguvu ya mabawa ya kuiinua hata mwendo wake juu ya ardhi unapokuwa mdogo, na kwa hiyo huhitaji masafa mafupi zaidi ya kukimbia au kusimama. Upepo ukigeuka, waongozaji wa ndege walioko mnarani hugeuza matumizi ya njia, na palipokuwa pa kuingilia panakuwa pa kutokea. Siku ya upepo hafifu wanaweza kuchagua upande kwa sababu nyingine, kama vile kuwapunguzia wakazi kelele, hivyo siku kama hiyo usiweke nadhiri kwa watoto.

Kabla ya kuondoka nyumbani, angalia katika utabiri wa hali ya hewa upepo unavuma kutoka wapi, kisha ulinganishe na namba za njia ya kurukia. Namba hizo ni digrii za dira zilizokadiriwa kwa makumi na kuondolewa tarakimu ya mwisho. Njia iliyoandikwa 09 mwisho mmoja huandikwa 27 mwisho wa pili, kwa sababu rubani anayeingilia 09 anaelekea digrii 90, yaani mashariki, na anayeingilia 27 anaelekea digrii 270, yaani magharibi. Basi upepo ukitoka mashariki, ndege za kutua zitatokea magharibi, na huko ndiko uegeshe gari. Ukifika, hakikisha kwa kutazama ule mfuko wa kitambaa unaopepea mlingotini kando ya njia: mdomo wake mpana huelekea upepo unakotoka.

Mwenye watoto namshauri achague upande wa kutua bila kusita. Ndege zinazoruka huachana na ardhi mahali tofauti kulingana na uzito, na nyepesi huwa imeshapaa mbali kabla haijafika mwisho wa njia, jambo ambalo wewe mwenyewe umelionja. Inayotua kwa kawaida hufuata mteremko wa digrii 3 hivi. Ukisimama chini ya mkondo wake, kilomita 1 kabla ya inapogusa ardhi, itakupita kwa kimo cha takribani mita 50, na kwa kilomita 2 kimo hicho huongezeka maradufu. Wape watoto darubini waangalie magurudumu yanapogusa lami. Ule moshi hautokani na breki, ingawa watu wazima wengi watakubishia, bali ni mpira wa matairi yaliyokuwa yametulia hewani unaounguzwa na msuguano wakati yanapolazimishwa ghafla kuzunguka kwa kasi ya ndege.

Mkikawia hadi magharibi, wafundishe pia kusoma taa: bawa la kushoto lina nyekundu na la kulia lina kijani. Wakiona nyekundu iko mkono wao wa kulia na kijani mkono wa kushoto, ndege inawajia.

SWALI: Vijana wetu hupenda kushika ua nyuma ya ndege kubwa inapotaka kuruka, ili wausikie upepo wa injini. Kuna ubaya? Na kupiga picha je?
– Mama Mwenye Wasiwasi

JIBU: Ubaya upo. Katika kisiwa cha Sint Maarten, ambako ufuo unapakana na uwanja wa ndege, mtalii mmoja alifariki mwaka 2017 baada ya kurushwa na upepo huo. Wasimame kando, kamwe wasiwe nyuma ya injini.

Kuhusu picha, fuata vibao vilivyowekwa, na ukae mbali kabisa na viwanja vya kijeshi. Mwaka 2001 watazamaji ndege 14, Waingereza 12 na Waholanzi 2, walikamatwa nchini Ugiriki wakishukiwa ujasusi. Walitiwa hatiani mwaka uliofuata, na hukumu hiyo ikatenguliwa baadaye katika rufaa. Askari akikuomba uondoke, washa gari kwanza. Maswali utayauliza ukiwa njiani kurudi.