Jengo linavyowadanganya wazimamoto, na namna ya kulikagua

Kabla ya kuingiza mpira wa maji ndani, lizunguke jengo lote. Jengo la kwenye mteremko huonyesha ghorofa mbili upande wa barabarani na tatu upande wa nyuma. Hapo amri ya "moto uko ghorofa ya pili" inawapeleka wa mbele na wa nyuma kwenye sakafu tofauti. Hatari zaidi ni kwa anayepita mlango wa mbele akidhani yuko chini kabisa, kumbe moto unawaka chini ya miguu yake. Kama majengo yamebanana, tuma mtu aende nyuma, umsubiri ajibu kwenye redio. Kisha kubalianeni ghorofa zinahesabiwa kuanzia upande upi.

Udanganyifu tunaouogopa kuliko wote ni paa la kujificha. Ukuta wa mbele umepandishwa juu, ukiwa barabarani unaona mstari mnyoofu, basi. Huoni paa lina umbo gani, huoni tangi la maji wala mashine za viyoyozi zilizolielemea, na hata moshi wa mwanzo unaweza kukupita. Ukuta huo nao ni tishio, kwa sababu sehemu yake ya juu imesimama bila kushikwa na kitu. Juu ya madirisha mapana ya duka mara nyingi hubebwa na boriti ya chuma. Boriti ya mita 30 ikifika nyuzi joto 540 hivi hurefuka kwa zaidi ya sentimita 20, na ukuta inaoubeba husukumwa hadi ukaporomoka. Simama umbali usiopungua mara moja na nusu ya kimo cha ukuta. Nafasi ikiwa finyu, jipange kwenye pembe za jengo, kamwe usikae mbele ya madirisha.

Ndani ya paa la namna hiyo mara nyingi kuna kenchi, yaani fremu za vipande vilivyounganishwa zinazobeba paa. Tarehe 1 Julai 1988, huko Hackensack, jimbo la New Jersey nchini Marekani, wazimamoto 5 walipoteza maisha baada ya paa la kenchi za upinde kuanguka kwenye jengo la biashara ya magari. Moto ulikuwa juu ya dari. Baadaye jimbo hilo likaweka sheria ya kubandika alama ya pembetatu kwenye majengo yenye kenchi, na tunaona kila mahali pangefaa kufanya hivyo. Kenchi hutegemeana: kipande kimoja kikikatika, mzigo wake unahamia kwa jirani ambaye naye tayari ameungua. Zile nyepesi za kisasa huungwa kwa vibati vyenye meno yanayozama kwenye mbao kwa takriban sentimita moja tu. Mbao ikigeuka mkaa kwa kina hicho, kibati hakina tena cha kushika.

Dari ndiyo inayokamilisha uongo huo. Chini yake unaweza kuona vizuri na joto likavumilika, huku juu moto umeshatambaa jengo zima. Kwa hiyo toboa dari mara tu unapovuka mlango, ukiwa bado hatua moja kutoka nje, na mpira uwe na maji tayari, maana tundu hilo linaweza kuupa moto hewa. Endelea kutoboa kadiri unavyosonga. Ukiona ndimi za moto kwenye kenchi, toka, kisha mpe kamanda taarifa wote waondolewe chini ya paa hilo. Usitegemee kamera ya joto peke yake. Inasoma uso wa dari, haioni kilicho nyuma yake.

Sakafu hufanya vivyo hivyo. Zulia na vigae huzuia joto kupanda, kwa hiyo kamera inaonyesha sakafu ya kawaida hata kama mbao za chini zinakaribia kukatika. Katika majaribio ya maabara za UL, shirika la Marekani linalopima usalama, sakafu ya mbao nyepesi zisizofunikwa kwa chini ilianguka baada ya dakika 6 hivi, ile ya mbao nzima ikadumu kama 18. Piga shoka mbele yako kabla ya kukanyaga, lakini sakafu inayolia imara haijathibitisha kitu.

Kuna madirisha ya uongo pia: fremu na kioo nje, ndani yamezibwa kwa jipsamu au tofali. Anayekimbia moto gizani hutafuta dirisha aliloliona akiwa nje, akakuta ukuta. Linganisha madirisha ya nje na ya ndani mapema, na ngazi za kutokea ziwekwe kwenye yale yaliyothibitishwa tu.

Paneli za sola huendelea kuzalisha umeme maadamu kuna mwanga. Kuzima inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika ndani, hakuondoi umeme kwenye nyaya zinazotoka paneli hadi kwenye swichi, na zinaweza kuwa na volti mamia. Usizikate wala kuzivunja.

Haya yote huonekana kwa urahisi siku isiyo na moto. Omba kupanda juu ya paa, sukuma kipande cha dari, shuka hadi chini kabisa. Chora mchoro wa ukurasa mmoja: aina ya paa, mizigo iliyo juu yake, madirisha ya uongo, swichi za sola, idadi ya ghorofa kila upande. Mchoro huo ukae kwenye gari la zimamoto, na urudiwe kila jengo linapokarabatiwa, kwa kuwa ukarabati ndio unaoacha paa jipya juu ya la zamani na dari mbili mahali pa moja.